Ramani Kubwa ya Afrika kwa Wasafiri: Mapitio Baada ya Miezi Saba Ukutani

Ukuta wa ofisi yetu ndogo ya kupanga safari, hapa Ilala, Dar es Salaam, umebeba kwa miezi saba sasa ramani ya Afrika yenye kimo cha mita 1.2, ambayo niliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vitabu na vifaa vya ofisi katikati ya jiji, si mbali na Mtaa wa Samora. Imeandikwa juu yake kwamba imetengenezwa kwa ajili ya wasafiri, na imechorwa picha za wanyama pamoja na milima, mito, majangwa na njia za reli. Nimesubiri miezi yote hiyo kabla ya kuandika kuihusu, kwa sababu ramani ya namna hii haipimwi dukani, bali hupimwa pale mteja anaposimama mbele yake na kuuliza aende wapi, lini na kwa siku ngapi.

Jambo la kwanza lililonivutia ni ukubwa. Ramani nyingi za dunia zilizotundikwa katika shule tulizosoma zilifuata mtindo wa Mercator, ambao hukuza nchi za karibu na ncha za dunia, hata Greenland ikaonekana kuwa na ukubwa sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho takribani mara 14. Ndiyo maana mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka mtindo huo uachwe na nafasi yake ichukuliwe na ramani zinazotunza maeneo halisi. Mchoraji wa ramani hii ameweka kwenye kona ya chini dunia ndogo iliyotandazwa kwa uwiano sahihi wa maeneo, na mtu akiitazama anaelewa mara moja kwamba bara lenye kilomita za mraba milioni 30 ni takribani sehemu ya tano ya nchi kavu yote duniani. Sahara peke yake ingeimeza Tanzania zaidi ya mara tisa.

Skeli yake ni sentimita moja kwa kilomita 80, nayo imetuokoa mara nyingi. Walikuja wateja wawili, mke na mume, wakitaka ndani ya siku kumi waende kwa barabara kuwaona gorila wa milimani Rwanda, kisha Maporomoko ya Victoria, kisha pengwini wa karibu na Cape Town. Sikubishana nao. Niliwapa rula, wakapima wenyewe, wakakuta zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, na barabara za bara hili hazinyooki hivyo. Waliondoka na mpango wa Rwanda na Ziwa Kivu pekee, tena wakiwa wameridhika.

Uchoraji wa ardhi na maji ndio kilele cha kazi hii, na hapa sina budi kumsifu mchoraji bila kusita. Bonde la Ufa limetiwa kivuli kwa ustadi hata jicho linaweza kulifuata kutoka Djibouti, ambako Ziwa Assal liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, likapita Ethiopia na kugawanyika mikono miwili kulizunguka Ziwa Victoria. Maziwa yenyewe hayakupakwa buluu moja. Ziwa Victoria, ambalo kwa eneo ndilo kubwa kuliko yote barani lakini kina chake ni mita 80 na ushei tu, limepakwa buluu hafifu, huku Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, likiwa na buluu inayokaribia weusi. Wengi wa wateja wetu walikulia kwenye nchi yenye maziwa haya mawili na hawakuwahi kuambiwa kwamba sakafu ya Tanganyika iko chini sana kuliko usawa wa Bahari ya Hindi inayopiga Kivukoni.

Vivyo hivyo, mkondo wa baridi wa Benguela umechorwa kwa mishale inayopanda kando ya pwani ya magharibi, kutoka Afrika Kusini hadi Namibia na kuendelea. Mishale hiyo inaeleza mambo mawili ambayo wasafiri huyaona kuwa miujiza: kwa nini pengwini wanaishi Afrika, na kwa nini jangwa la Namib, linalokosa mvua, hufunikwa na ukungu asubuhi, ukungu ambao baadhi ya mende wa huko huunywa kutoka migongoni mwao. Mchoraji aliyelielewa hili angeweza kuwatendea wanyama haki ileile.

Hakufanya hivyo, na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Picha ya simba imewekwa kwenye milima ya Atlas, kaskazini kabisa, ilhali simba wa huko walitoweka porini katika karne ya 20. Kusini mwa Mto Kongo amechorwa sokwe wa kawaida, wakati upande huo wa mto ndio makazi ya bonobo, ndugu yake mwembamba zaidi anayepatikana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake. Mto huo mpana ndio uliowatenganisha, kwa kuwa hakuna kati yao anayejua kuogelea. Mtu anayetaka kuwaona sokwe hana haja ya kwenda huko hata kidogo, maana tunao Gombe na Mahale, na ramani haijawachora popote upande wetu.

Kosa zito zaidi ni kukosekana kwa majira. Nyumbu wamechorwa wakivuka Mto Mara, bila mwezi wowote kuandikwa, na mwaka huu mteja mmoja alitaka kwenda huko Februari kwa sababu ya picha hiyo. Nilimweleza kwamba kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huwa kusini mwa Serengeti, kwenye nyanda za nyasi fupi kuzunguka Ndutu, wakizaa, na kwamba Mara huvukwa takribani Julai hadi Oktoba. Okavango nayo imepakwa kijani tupu. Mto huo wa Botswana hauifikii bahari, na mafuriko yake hufika katikati ya kiangazi, kwa kuwa maji ya mvua zilizonyesha Angola huchukua miezi kuteremka. Anayepanga kwa kufuata mvua za Botswana atafika wakati usiofaa.

Muuzaji aliniambia, "Kaka, hili ni toleo jipya kabisa." Sudan Kusini imo, kwa hiyo ramani haikuchapwa kabla ya 2011, lakini Eswatini bado inaitwa Swaziland, jina lililobadilishwa 2018. Kwetu sisi upungufu ni mkubwa zaidi, kwani Selous imeandikwa kwa ukubwa wake wa zamani, wakati Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka humo mwaka 2019, na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 kwenye Mto Rufiji, halionekani kabisa. Reli ya TAZARA imechorwa vizuri, kilomita zake zote 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na inafaa kumwonyesha mkazi wa Dar es Salaam kwamba treni inayoondoka jijini hupita ndani ya eneo la wanyamapori. Reli mpya ya kisasa, SGR, haimo.

Majina ya wanyama yako kwa Kiingereza pekee. Tumebandika vikaratasi vya kongoni, pofu, palahala, choroa na swala twiga, na tangu hapo wateja husimama muda mrefu zaidi mbele ya ukuta, wakitajiana majina waliyoyasikia kwa babu zao.

Karatasi ni nzito na plastiki iliyoifunika imestahimili joto la hapa bila kutoa mapovu. Kwa mwalimu wa jiografia au ofisi yenye mtu wa kueleza, ningeinunua tena kwa bei ileile. Msafiri atakayeitegemea peke yake kuchagua mwezi wa kwenda anahitaji kwanza kumuuliza mtu anayeifahamu hifadhi husika, na kabla ya kulipa aitazame Eswatini na Rufiji, kwani huenda toleo lililosahihishwa limeshaingia madukani.