Mti wa Krismasi: Ununue Upi, na Januari Utauweka Wapi?

Mti wa mama ulikuwa wa futi 4. Ulinunuliwa Kariakoo mwaka nilioingia darasa la pili, na miezi 11 ya kila mwaka ulikaa juu ya kabati la nguo, boksi limefungwa kamba ya katani. Ikifika tarehe 20 Desemba baba alipanda stuli akalishusha, vumbi likatumwagikia sote, mende wawili watatu wakakimbilia uvunguni. Mguu mmoja ulivunjika mapema, na aliyeuvunja hajakiri mpaka leo. Basi mti ukasimikwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga na kuzungushiwa kipande cha kitenge. Umesimama hivyo Krismasi 19.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue mti gani, mimi humuuliza kwanza: Januari utauweka wapi? Desemba kila mti unapendeza. Nimeipanga orodha hii kwa kuangalia ni upi una nafasi kubwa ya kutoka tena mwakani, na nyumba niliyoifikiria ni ya kawaida ya Dar: sebule ndogo, joto, na umeme wenye tabia zake.

1. Wa plastiki, futi 5 au 6, wenye matawi ya bawaba

Najua kuna watakaoguna. Mti wa plastiki unadharauliwa kama kitu cha juzi kutoka China, ilhali Wajerumani, ambao desturi yenyewe ilitoka kwao, walikuwa wakitengeneza miti ya bandia tangu karne ya 19 kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani. Ubandia si hoja. Hoja ni ubora, na ubora unauona kwa mikono.

Shika tawi. Majani bapa kama karatasi iliyochanwa ni ya plastiki iitwayo PVC; hayo ndiyo yaliyojaa madukani, na hayana ubaya mkubwa. Majani manene, ya mviringo, yaliyomwagwa kwenye umbo ni ya plastiki nyingine, PE; yanafanana zaidi na jani la kweli, na bei yake unaisikia. Miti mingi mizuri huchanganya: PE kwa nje, PVC kwa ndani karibu na shina. Kisha soma kwenye boksi idadi ya ncha za matawi. Mti wa futi 6 wenye ncha chini ya 500 utakuonyesha ukuta wa nyuma hata uupambe vipi. Kuanzia 800 hivi unajaa.

Matawi ya bawaba yanafunguka yenyewe ukiusimamisha mti. Yale ya kuchomeka moja moja yana alama za rangi kwenye vishina ili ujue lipi linakaa wapi, na rangi hizo zikishafutika utatumia jioni nzima kubahatisha. Mguu uwe wa chuma, hasa kama una watoto. Sisi tulio karibu na bahari tuufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuuweka, maana chumvi ya hewani haina huruma na chuma.

Halafu pima. Mwaka juzi muuzaji aliniapia: "Futi saba huo, dada'angu." Nikatoa mkobani futi ya cherehani, ile ya sentimita 150, nikaihamisha mara moja: 171, pamoja na mguu, na tawi la kileleni limenyooshwa kama askari wa gwaride. Futi 7 ni sentimita 213. Tulicheka wote wawili, akapunguza bei. Na kumbuka kuacha nafasi ya nyota. Dari la jipsamu likichubuka, mwenye nyumba hatajali kwamba ilikuwa sikukuu.

Kuhusu mazingira, taasisi ya Carbon Trust ya Uingereza ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 unabeba kama kilo 40 za hewa ukaa, na ushauri wake ni kuutumia angalau miaka 10. Mama alishapita hapo bila kuambiwa na mtu. Usiuhifadhi tu chini ya bati tupu: joto la Januari na Februari hulaza matawi mpaka mti unakuwa kama mwavuli uliokunjwa vibaya.

2. Araukaria hai, kwenye chungu

Huu ndio mti wa mtu mwenye baraza au uwanja. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk, katika bahari ya Pasifiki, kwa hiyo joto na upepo wa bahari anavijua. Matawi yake hukaa kwa tabaka, kama sahani zilizopangwa kwa kupishana, na yanabeba mapambo mepesi tu. Ukitundika mipira mizito yanainama. Wauza miche wengi huuita mti wa Krismasi, lakini ukisema "mkrismasi" waweza kupewa mche wa ule mti mkubwa wenye maua mekundu yanayowaka mitaani mwisho wa mwaka, wa asili ya Madagaska. Mzuri, lakini hauingii sebuleni. Onyesha kwa kidole.

Chagua wenye ncha moja ya juu, nzima. Ncha hiyo ikikatika, umbo limeharibika. Uingize ndani siku 10 hivi, karibu na dirisha, mwagilia udongo wa juu ukikauka, kisha urudishe nje kidogo kidogo, kwanza kivulini. Kasoro yake ni kwamba unakua. Kwenye chungu unatulia miaka kadhaa, lakini ukiupanda ardhini unaweza kupita mita 40, kwa hiyo usiupande chini ya nyaya wala karibu na msingi wa nyumba.

3. Tawi la saipresi au mvinje

Kwa moyo wangu hili ndilo la kwanza. Kwa akili ni la tatu. Kwa bibi, Marangu, hapakuwa na mti wa dukani. Tarehe 23, wajukuu wote tukiwa tumeshuka kwenye mabasi na miguu imevimba, babu alikata tawi kwenye ua wa saipresi, akalisimika kwenye ndoo ya mchanga uliolowa. Utomvu ulinata vidoleni mpaka Mwaka Mpya. Theluji ilikuwa pamba ya dukani, jambo la kuchekesha kidogo, kwani theluji ya kweli ilikuwa Kibo, tukiiona asubuhi mawingu yakifunguka. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka nchi yenye desturi ya mti ndani ya nyumba. Bibi yeye alisema tu kwamba nyumba isiyonuka saipresi haijafika Krismasi.

Kama unapanda mlimani, usinunue kitu. Omba tawi kwa mwenye ua. Usiingie msitu wa hifadhi. Kukata humo bila kibali ni kosa. Ukibaki Dar, tawi la mvinje linafanana kiasi na msonobari, lakini kwa joto letu kata tarehe 23 au 24, maji kila asubuhi, na mishumaa ikae mbali kabisa. Linakauka upesi, na likikauka linashika moto kama karatasi.

4. Mti mdogo wa mezani

Kwa chumba kimoja au ofisini. Unatosha.

5. Wenye nyuzi zinazowaka rangi

Watoto wanaupenda dukani. Mwanga wote unatoka kwenye balbu iliyo ndani ya kitako, inayopata umeme kwa adapta, na adapta ikifa unabaki na kitu ambacho fundi anakitazama na kukurudishia. Wa kwangu ulimaliza Krismasi mbili. Kwa bei hiyohiyo ningepata nambari moja.

Taa nunua kando, za LED. Nyingi huja na plagi ya pini mbili, nasi tuna soketi za matundu matatu, na wote tunamjua mjomba anayezibua tundu la juu kwa mfuniko wa kalamu. Nunua adapta nzuri, mjomba apumzike. Mwaka huu nimehamia taa za USB zinazochomekwa kwenye pawabenki: umeme ukikatika, mti ndio unaotumulikia chakula.

Mama anaishi nami sasa. Nimemwonyesha mti mpya wa futi 6, mguu wa chuma, ncha 900. Akauzunguka, akavuta tawi moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaenda jikoni, nikasikia makopo yakigongana. Alikuwa akitafuta lile la maziwa.