Programu za usafiri upande wa dereva: nyota, kiwango cha kukubali na kufungiwa akaunti

Tathmini nyingi za programu za kuita gari huandikwa na abiria, nao hupima wanachokiona: gari lilifika mapema au lilichelewa, nauli ilikuwa nafuu au ilipanda ghafla. Tathmini hii inautazama upande wa pili wa huduma hiyo hiyo, yaani programu anayoifungua dereva anapoingia kazini, na inaipima kwa swali moja: mfumo unapomhukumu dereva, je, unampa nafasi ya kujua ameshtakiwa nini na ya kujitetea? Nimefanya kazi ya udereva kwa programu zaidi ya moja, na kwa kuwa zinakaribiana sana katika jambo hili nitazizungumzia kwa pamoja, nikiitaja kampuni pale tu ambapo mambo yake yako hadharani.

Kwa kazi yake ya msingi huduma hii inastahili sifa. Ombi humfikia dereva aliye karibu, nauli hukokotolewa pasipo ubishi, na kila safari huacha kumbukumbu. Lawama zangu zinaanzia pale ambapo programu inaacha kuwakutanisha watu na kuanza kumsimamia mmoja wao.

Nyota ndizo zinazojulikana zaidi. Abiria humpa dereva nyota 1 hadi 5, kisha mfumo hutafuta wastani. Uber, kwa mfano, imekuwa ikitumia safari 500 za mwisho zilizopewa nyota. Dereva mwenye safari 500 za aina hiyo, ambaye abiria wote walimpa 5 isipokuwa mmoja aliyempa 1, ana wastani wa 4.992, na pengo hilo halimdhuru. Dereva mgeni mwenye safari 20 akimpata abiria huyo huyo anashuka hadi 4.8. Katika kesi ya madereva wa Uber iliyofika Mahakama ya Juu ya Uingereza ilielezwa kwamba dereva mzoefu ambaye wastani wake ulikuwa chini ya 4.4 alianza kupewa maonyo, na asipopanda aliondolewa. Ukipiga hesabu utaona kwamba abiria 3 katika kila 20 wakitoa nyota 1, na wengine wote wakitoa 5, dereva amekwishafika kwenye mpaka huo. Linaloniumiza zaidi ni abiria muungwana anayetoa nyota 4 kwa nia njema, akiamini kwamba 4 kati ya 5 ni alama ya kazi nzuri, bila kujua kwamba kama abiria wote wangefanya kama yeye, dereva huyo angepoteza kazi.

Isitoshe, alama hiyo moja hubeba makosa ya wengi. Nauli iliyopandishwa na mfumo, ramani iliyompeleka dereva upande usio sahihi wa barabara, foleni, hata lafudhi ya dereva ambayo abiria hakuipenda, vyote huishia kwenye nyota zile zile. Baadhi ya programu siku hizi huondoa alama ya chini iliyotokana na jambo lililo nje ya uwezo wa dereva, na hatua hiyo naipongeza, ingawa inamtegemea abiria achague sababu sahihi kwenye orodha, jambo ambalo mtu anayeshuka garini kwa haraka hana muda nalo. Kumficha dereva jina la aliyempa alama ni sawa, kwa sababu abiria naye anahitaji kulindwa dhidi ya kisasi. Kumficha sababu ndiko kusikokubalika, kwani hapo hajui arekebishe nini.

Mahakama hiyo, katika hukumu yake ya tarehe 19 Februari 2021, iligusa kiini cha jambo kwa namna ambayo watumiaji wengi hawajaifikiria. Katika masoko ya kawaida ya mtandaoni alama humsaidia mteja kuchagua muuzaji. Hapa abiria hachagui dereva kwa nyota zake, bali hupewa gari ambalo mfumo umelipanga. Kwa hiyo, ilisema mahakama, alama hizo ni chombo cha ndani cha kampuni cha kusimamia utendaji na msingi wa kuamua nani aondolewe. Abiria anayebonyeza nyota anadhani anatoa maoni, kumbe anafanya kazi ya msimamizi ambaye hakuajiriwa na wala hakufundishwa.

Kiwango cha kukubali ni jambo jingine, nalo huchanganywa mara nyingi na kiwango cha kughairi. Cha kwanza ni asilimia ya maombi ambayo dereva ameyakubali kati ya yote aliyotumiwa. Cha pili ni asilimia ya safari alizozikubali kisha akaziacha. Kughairi humwumiza abiria moja kwa moja, kwa sababu ameshaambiwa gari linakuja, na naona ni haki kuhesabiwa, mradi mfumo utambue sababu za kweli kama vile abiria asiyetokea au watu waliozidi viti. Kukataa ombi mwanzoni ni tofauti kabisa. Ombi huonekana kwenye skrini kwa sekunde chache, dereva akiwa kwenye usukani, na katika programu nyingine haoni mwisho wa safari wala nauli kamili kabla ya kukubali. Abiria akiwa mbali, mafuta ya kumfuata yanatoka mfukoni mwa dereva. Mtu huyo amesainishwa mkataba unaomwita mfanyabiashara huru, na uhuru wa kwanza wa mfanyabiashara ni kukataa kazi isiyomlipa bila kutoa maelezo kwa yeyote.

Lakini kukataa huko huadhibiwa. Kumbukumbu za kesi hiyo hiyo zinaonyesha kwamba madereva walielekezwa kukubali angalau asilimia 80 ya maombi, na walioshuka chini ya kiwango walionywa kisha wakatolewa kwenye mfumo kwa dakika 10. Kwingine adhabu ni ya upole kwa sura yake: dereva hukosa bonasi, au hunyimwa haki ya kuona safari inaelekea wapi, haki ambayo hutolewa kwa wale tu wanaokubali karibu kila kitu. Huu ndio mpango ninaoukataa kuliko yote, kwa kuwa taarifa anayoihitaji dereva ili aamue kwa busara inageuzwa kuwa zawadi ya kuacha kuamua.

Kufungiwa akaunti ndiko kunakostahili alama ya chini kabisa. Sizungumzii leseni au bima iliyokwisha muda, maana hapo dereva hupakia hati mpya na kurudi kazini. Wala sipingi akaunti kusimamishwa mara moja abiria anaposhtaki kwamba amepigwa au amenyanyaswa. Usalama wa abiria hauwezi kungoja uchunguzi. Ninachokipinga ni kusimamishwa kusiko na shtaka. Ujumbe unaofika husema tu kwamba masharti yamekiukwa, bila tarehe, bila safari inayohusika, bila maelezo ya tukio. Dereva akiandika kuuliza, hupokea jibu lililoandaliwa kwa ajili ya watu wote. Mwingine hufungiwa kwa sababu picha ya uso aliyotakiwa kujipiga gizani haikulingana na ile iliyo kwenye kumbukumbu. Wakati huo mkopo wa gari unaendelea kudaiwa, na ukodishaji wa kila wiki hausubiri rufaa.

Mambo haya yanaweza kupangwa vizuri zaidi, na sheria zimeanza kuyalazimisha. Tarehe 4 Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam ilitoa uamuzi kuhusu madereva waliofungiwa na Uber kwa madai ya udanganyifu, na ikaona kwamba mkono wa binadamu katika baadhi ya maamuzi hayo haukuzidi kuwa ishara tu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu kazi za majukwaa ya kidijitali, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuyaingiza katika sheria zao kufikia tarehe 2 Desemba 2026, yanataka uamuzi wa kuzuia au kufunga akaunti ufanywe na mtu, sababu zitolewe kwa maandishi kabla ya siku ya utekelezaji kupita, na ombi la kuupitia upya uamuzi lijibiwe ndani ya wiki 2. Nchini Australia, tangu tarehe 26 Februari 2025, mfanyakazi aliyetumikia jukwaa kwa utaratibu kwa angalau miezi 6 anaweza kulalamika mbele ya tume ya kazi kwamba amefungiwa isivyo haki, na ana siku 21 za kufanya hivyo. Hakuna hata moja kati ya masharti haya linalohitaji teknolojia mpya. Programu inayoweza kumwonyesha abiria gari lilipo kila sekunde inaweza pia kumwonyesha dereva safari anayoshtakiwa nayo.

Kwa anayefikiria kujisajili, ushauri wangu ni kwamba asome ukurasa wa masharti ya kufungiwa kabla ya kusoma ule wa bonasi, na aipendelee programu inayoonyesha nauli na mwisho wa safari kwa kila dereva bila kujali asilimia yake. Asikope gari kwa matumaini ya akaunti moja. Na kuna kasoro ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: katika programu nyingi akaunti ikifungwa, historia ya safari na ujumbe hufungwa pamoja nayo, hivyo dereva hupoteza ushahidi siku ile ile anapouhitaji. Apakue taarifa za malipo kila wiki, apige picha za skrini za safari iliyokuwa na ugomvi, na aripoti tukio yeye mwenyewe, kwa maandishi, kabla abiria hajaliripoti.