Kuandika ĩ, ũ na é kwenye Linux: Compose au US International?

Anayeandika Kiswahili pamoja na Gĩkũyũ au Kifaransa ana njia mbili za kawaida kwenye Linux.

Ya kwanza ni mpangilio wa kibodi wa US International. Ukibonyeza ritifaa, hakuna kinachoonekana. Kompyuta inasubiri herufi ifuatayo. Ritifaa kisha e inatoa é, ~ kisha u inatoa ũ. Ni haraka, na kwa Kifaransa kitupu ningechagua huu. Balaa ni ng'ombe: unaandika sawasawa, kwenye skrini inatokea “ngómbe”. Ng'ambo inakuwa “ngámbo”. Mtu hudhani programu ya kuandikia imeharibika, kumbe inatii tu. Dawa ni kubonyeza nafasi baada ya kila ritifaa, kazi inayochosha upesi. Afadhali toleo lake la AltGr (kitufe cha Alt cha kulia), ambalo haliigusi ritifaa mpaka ushikilie AltGr.

Ya pili ni Compose, kitufe cha kuunganisha alama na herufi, ambacho unakiteua mwenyewe katika mipangilio ya kibodi, tuseme Alt ya kulia. Unabonyeza Compose, kisha ~, kisha i: inatoka ĩ. Vidole vinafanya kazi zaidi, lakini ng'ombe anabaki ng'ombe. Kwa Kiswahili na Gĩkũyũ, mimi niko upande huu.

Alama zikigoma ndani ya programu moja tu, kibodi haina kosa. Angalia GTK_IM_MODULE, au QT_IM_MODULE kwa programu zilizoundwa kwa Qt; hivi ni vigezo vya mfumo vinavyoiambia programu itumie njia gani ya kuingiza herufi. Huenda kigezo kinaelekeza kwenye ibus, programu ya kuingiza herufi, ambayo haijawashwa. Na kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, usihangaike na setxkbmap, amri ya zamani ya kubadilisha kibodi. Badilisha kibodi kupitia mipangilio ya mfumo.