Niliagiza mdoli wa kitambaa wa saizi ya mtu mzima, uzoefu wangu huu hapa

Sisi tuna kikundi cha maigizo na kwenye igizo letu kuna mlevi ambaye anabebwa mzobemzobe, anadondoshwa, anaburuzwa mpaka mlangoni kwake. Mwanzoni alikuwa anacheza mwenzetu mmoja, mazoezi ya tatu tu akasema jamani mgongo huu sikuuokota, tafuteni mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakupatikana. Ndo likaja wazo la mdoli, tumvalishe suruali na koti, watazamaji wasishtuke mpaka ameshapigizwa chini. Nikatumwa mimi kwa fundi.

Fundi niliyempata ni mama mtu mzima, cherehani anaijua haswa, na wadoli wadogo wa watoto ameshashona wengi. Nikamwambia mama nataka mwanaume wa sentimita 165, mwembamba kiasi. Akasema hamna shida mwanangu, akachukua advansi, akanipa wiki 2. Hapo ndo nilipokosea, maana rangi ya ngozi nilieleza, masharubu nikachora kabisa kwenye karatasi, lakini kwamba huyu jamaa kazi yake ni kubebwa na kuangushwa sikusema, nikaona hayo ni mambo yetu ya jukwaani yeye hayamhusu.

Siku ya kumchukua nikapima, kweli 165 juu ya alama, ila mikono kama fimbo na uso mwembamba utadhani kabanwa na mlango. Mama mwenyewe alikuwa haelewi, anasema nimekata kwa vipimo vya mtu kabisa, upana wa uso sentimita 16. Tukakaa tukapiga hesabu pale pale mezani. Kumbe alikata vipande 2 vya sentimita 16 akaviunganisha, sasa ukijaza pamba kile kitu hakibaki bapa, kinakuwa mviringo, na mviringo wa sentimita 32 upana wake ni kama 10 tu. Kwa mdoli mdogo huoni tofauti, kwa mtu mzima inakuumbua. Kwa hiyo unapima mzunguko wa mkono au kichwa kwa futi ya kitambaa, unagawa kwa 2, ndo unaongeza sehemu ya mshono kila upande. Hilo nimelishika mpaka leo.

Nikamchukua hivyo hivyo kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni hiyo (haraka zangu hizo, najijua). Aisee. Wamembeba dakika moja shingo imelegea kichwa kimegeuka kinaangalia mgongoni, kila mtu hoi kwa kicheko igizo limesimama. Halafu mama ili kumpa uzito alikuwa amechanganya mchanga na pamba kwenye miguu, mshono wa kisigino ukaachia, mlevi wetu akawa anaburuzwa huku anaacha mstari wa mchanga jukwaa zima kama gunia lililotobolewa na panya. Na kitambaa chenyewe kilikuwa cha kuvutika kama cha tisheti, kwa hiyo kadiri wanavyomvuta mikono ndo anazidi kurefuka, mpaka tunamaliza vidole vinakaribia magoti.

Nilivyomrudisha nilikuwa na hasira kidogo, ila mama alinijibu kitu nikanyamaza. Akasema, "Mwanangu wewe uliniambia urefu, hukuniambia atabebwa. Mdoli wa kukaa kwenye kiti na mdoli wa kuangushwa hawashonwi sawa." Nikakosa la kusema nikaongeza hela ya kitambaa.

Wa pili alikata marekani nzito (kile kitambaa kigumu cha pamba kisichovutika) akaitia rangi ya kahawia, na mara hii alifuata mlalo wa nyuzi, maana ukikata mshazari mguu ukishajazwa unajisokota wenyewe. Mishono akapiga mara 2, hatua fupi fupi, penye kona kama kwapani na katikati ya miguu akaweka kiraka kwa ndani. Kichwa tulikubaliana kiingie mara 7 kwenye urefu mzima, kama sentimita 23 na nusu hivi, na sasa hivi ukimwona kwa mbali ni mtu. Kwenye viwiko na magoti hakujaza, aliacha nafasi kama vidole 3 akapitisha mshono kwa kukatisha, ndo maana anakunjika vizuri. Shingoni aliweka kipande cha bomba la plastiki kinachotoka katikati ya kichwa mpaka kifuani, akakizungushia sponji na ncha zake akazifunga kwa kitambaa zisije zikatoboa. Mchanga ukaingia kwenye vifuko vyake vyenye tabaka 2, kimoja kiunoni na vingine kwenye visigino na viganja, vikashonewa kwa ndani visitembee. Hivyo vya viganjani ndo vilimaliza kazi, mkono ukiachiwa unadondoka pwaa, kama wa mtu aliyelewa kweli.

Kujaza ndo kazi yenyewe, mimi nilikaa nikamsaidia siku nzima. Unachambua pamba (ile ya kujazia mito ya kulalia, sio ya shambani, ya shambani ikinyonya unyevu inashikana mabonge) unaingiza tonge dogo dogo unashindilia kwa mpini wa mwiko, ukiwa na haraka ukasukuma rundo zima unapata paja lenye vinundu. Zilienda kilo 4 na bado kifua kilitaka nyongeza. Vidole vyangu viliuma siku 2.

Ningemrudia huyu mama? Ndio, tena bila kufikiria mara mbili, ila ningeanza kwa kumwita aje aone mazoezi kabla hajashika mkasi. Muda ndo ulimshinda, wiki 2 zikawa 5, na simu za "kesho njoo" nilizipata za kutosha. Uso aliupatia sana, pua ameishonea kwa ndani na sindano ndefu mpaka ikasimama, macho nusu yamefumba. Mshono wa bega la kulia umeanza kuchoka baada ya maonyesho 6, hapo ndo wanapomshikia. Nywele za uzi wa sufu bado ananidai muda, kwa hiyo jamaa anacheza na kofia, na kofia tumeikaza kwa pini 4.