Uzoefu wangu: Fundi cherehani nilipopimwa mgongo kwa tepu

Mimi ni fundi nguo, nina kibanda jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Januari iliyopita, msimu wa sare za shule, mgongo ulikaza mpaka kufunga kamba za viatu ikawa kazi. Nikaenda kwenye kliniki moja binafsi ya mazoezi tiba. Vipimo 20,000.

Nilitegemea mashine. Yule dada akaniamkia, akavuta droo, akatoa tepu. Tepu ya njano ya sentimita 150, ndugu yake ile inayoning'inia shingoni mwangu kutwa nzima! Nikajua hela imeliwa.

Kwanza alinisimamisha ukutani, visigino na mgongo vimegusa, macho mbele. Kisogo kilitakiwa kiguse ukuta bila kuinua kidevu. Changu kilibaki nje sentimita 5. Kuinamia sindano huko.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifanya ninyamaze. Alinivua shati, akapapasa kiunoni akitafuta vile vishimo viwili juu ya makalio, akachora alama ya kalamu katikati yake. Akapanda sentimita 10, alama nyingine. Akashuka 5, alama ya tatu. Kati ya juu na chini ni 15. "Sasa inama fundi, magoti usikunje." Ngozi inavyovutika ndivyo alama zinavyoachana, na mgongo wa chini ulio mzima huzifikisha 20 au zaidi. Zangu ziliishia 18. Kipimo kinaitwa Schober, kwa jina la daktari aliyekieleza mwaka 1937. Zile 5 za chini ziliongezwa na Macrae na Wright mwaka 1969.

Nikamuuliza, si ungeniambia tu niguse sakafu? Alinipima na hivyo, vidole vikabaki juu sentimita 22, ila akasema hicho peke yake kinadanganya: nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja husaidia, mtu akagusa chini huku kiuno chenyewe hakijakunjika. Hapo nilimwelewa haraka. Suruali ikikaa vizuri kiunoni haina maana mapaja yamekaa.

Alipima pia kifua, nikitoa pumzi yote kisha nikivuta yote, nikapata tofauti ya 5. Nzuri. (Wateja wangu nao hujaza kifua nikiwapima, shati likija wanasema limepwaya.) Akauliza kama naamka nimekakamaa zaidi ya nusu saa na nikitembea nalegea, maana hiyo ingemfanya anitume hospitali kutafuta ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Mimi ni kinyume, asubuhi niko sawa, jioni ndiyo balaa. Alisema wazi kwamba tepu haikutajii jina la ugonjwa, inaonyesha tu mgongo unakunjika kiasi gani. Akanipa mazoezi manne na agizo la kunyanyuka kwenye cherehani kila nusu saa.

Sasa lawama. Baada ya wiki sita nilirudi, nikamkuta kijana mwingine. Huyu hakupapasa kitu. Alipandisha fulana kidogo, akaanzia kwenye mkanda wa suruali, nikainama, akaandika 16.5 na kuniambia nimerudi nyuma.

"Mdogo wangu, umeanzia wapi?"

"Kiunoni, mzee."

Kiuno cha suruali hupanda na kushuka kwa mtindo! Suruali ya siku ile ilikuwa ya kiuno cha juu, niliishona mwenyewe. Akianzia juu hivyo, anakiacha chini kipande kinachokunjika. Tena ilikuwa saa mbili asubuhi, wakati mara ya kwanza nilipimwa alasiri. Kwa kweli hakubisha, alimwita yule dada, vishimo vikatafutwa, ikasoma 19. Hela ya marudio 10,000 hawakunirudishia, na hilo bado linaniuma.

Nitarudi kwa yule dada, si kwa zamu ya kijana, na nitavaa suruali ileile, saa ileile. Nakushauri ukienda uombe namba zako ziandikwe pamoja na mahali alama zilipowekwa. Ukiwa na ganzi miguuni au mkojo unakutoka, usihangaike na tepu, wahi hospitali.

Kibandani nimebaki na kipimo cha ukuta. Nasimama, kijana wangu wa kazi anaingiza vidole nyuma ya kisogo. Januari vilipita vitatu. Jumamosi viwili, cha tatu kikagoma.