Akiba ya faranga au akiba ya dola

Bei zinapopanda, mkazi wa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), mwenye akiba kidogo hujiuliza aishike kwa faranga au kwa dola. Historia inaipa dola nguvu: mwaka 1993 zaire, sarafu ya nchi ya wakati huo, milioni 3 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 hiyo nayo ikaondolewa, faranga ikachukua nafasi yake. Tena kodi ya nyumba hudaiwa kwa dola, na unga wa mahindi kutoka Zambia hulipiwa kwa fedha za kigeni, hivyo faranga ikishuka, bei ya bukari, yaani ugali, hupanda.

Hata hivyo dola ina maudhi yake, kwani noti iliyochanika ukingoni, hata kwa upana wa ukucha, hukataliwa na muuzaji yuleyule ambaye, ajabu, hupokea faranga iliyochakaa bila kuuliza. Mwaka 2025 faranga ilipopanda ghafla, wenye dola walipata faranga chache kuliko walivyozoea, ilhali bei sokoni hazikushuka kwa kasi ileile. Kwa maoni yangu, pesa ya chakula cha mwezi ikae kwa faranga, na kodi ya nyumba iwekwe kwa dola safi.