Diski ya "Steel Symphony" ya Leonardo Balada: alivyoisikia mtoto wa Gerezani, Dar es Salaam

Niliinunua kwa dola 4 kwenye duka la mitumba hapa Pittsburgh, Marekani, na nusura niirudishe siku hiyohiyo. Niliitia kwenye redio ya gari, nikasikia okestra inatyuni vyombo. Nikasubiri. Wanatyuni tu. Nikajua nimepigwa, nimeuziwa rekodi ya watu ambao hawajaanza kazi. Kumbe kazi ndiyo imeanza hivyo. Balada ameichukua ile purukushani ya wapigaji wanaotafuta sauti moja akaifanya mlango wa simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, na humo ndani mitambo inawaka mmoja baada ya mwingine.

Kwa asiyemjua, huyu ni mtunzi Mkatalani wa Hispania, mzaliwa wa Sant Just Desvern karibu na Barcelona, mwaka 1933. Alianzia chuo cha muziki cha Liceu, akavuka kwenda New York 1956, akamaliza chuo cha muziki cha Juilliard 1960. Tangu 1970 alifundisha utunzi Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hapahapa mjini, chuo kilichoanzishwa kwa pesa za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma. Yaani mgeni kaja kula mshahara uliotoka kwenye chuma, akaenda kuvitembelea viwanda vyenyewe, na 1972 akaandika simfoni ya chuma. Huo kwangu ni uungwana.

Rekodi yangu ni ya okestra ya Pittsburgh ikiongozwa na Lorin Maazel. Inakwenda kama dakika 20 bila kukatika. Ukitaka melodi ya kuimba bafuni, pita mbali. Miaka ile, tangu alipotunga "Guernica" mwaka 1966 akiutazama mchoro wa Picasso, Balada alikuwa ameiweka melodi kando, anajenga kwa mapigo na marundo ya sauti. Mke wangu alisikiliza dakika tatu akauliza kama gari limeharibika.

Mimi sikuweza kuizima. Mzee wangu ni fundi wa kuchomelea, Gerezani, Dar es Salaam: mageti, grili za madirisha, majiko. Nilikua nikifanyia hesabu za shule juu ya rundo la vyuma chakavu, na ukikaa pale siku nzima masikio yanajifunza kuchambua. Grenda inalia juu, mashine ya kuchomelea inaunguruma chini, na katikati watu wawili wanalinyoosha bati kwa nyundo, huyu anashusha mwenzake anapandisha. Mpita njia anaona fujo. Aliyezoea anajua nani kachoka. Basi simfoni hii imepangwa hivyohivyo. Fidla zinashika pigo dogo na kulirudia mpaka linakuwa kama mkanda wa mashine, tarumbeta na wenzake wa shaba wanaingia kwa uzito juu yake, ngoma zinagonga pembeni, na hakuna chombo kinachoimba peke yake kwa madaha. Wote wako zamu.

Nilimtumia mzee kipande kwa WhatsApp bila kumwambia ni nini. Akajibu kwa sauti: "Hapo wako wawili kwenye nyundo, halafu mmoja kachelewa makusudi." Amesikiliza taarabu na Sikinde maisha yake yote, okestra ya wazungu hajawahi.

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka diski Homestead, mji wa jirani. Kiwanda kikubwa cha chuma cha pale kilifungwa 1986. Leo ni maduka, sinema na maegesho, na safu ya machimni 12 ya matofali imeachwa imesimama kama minazi iliyokatwa vichwa. Niliegesha chini yake nikasikiliza tangu kutyuni hadi mwisho, watu wanapita na mifuko ya ununuzi. Simfoni ilipoandikwa, mitambo ya hapa ilikuwa bado inanguruma. Sasa kwenye eneo lile ilisikika ndani ya gari langu tu.

Anayeogopa ugumu wa kazi hii aanzie kwenye zile za 1975 za kuwaenzi Casals na Sarasate, wanamuziki wa Hispania. Hapo Balada amerudisha ladha ya muziki wa kwao na kuichanganya na ukorofi wake wa zamani. Opera yake ya "Cristóbal Colón", igizo la kuimbwa kuhusu baharia Columbus, ilifunguliwa kwenye ukumbi wa opera wa Liceu, Barcelona, mwaka 1989, José Carreras akiwa Columbus na Montserrat Caballé akiwa Malkia Isabel, lakini mimi na Columbus hatuna mazungumzo. Ninayoitafuta sasa ni "Sinfonía en negro" ya 1968, aliyomtungia Martin Luther King.

Kasoro zipo. Sauti za mwanzo ni ndogo mno. Utaongeza, na baadaye zitakutoa roho barabarani, kwa hiyo isikilize ukiwa umeegesha. Kijitabu cha ndani kina herufi za kusomwa na sisimizi. Natoa nyota 4. Ya tano nimeinyima nakala yangu, si Balada: ina mkwaruzo, na inaruka palepale nyundo zinapokolea.